Mizani ya Changu: Zuhura na Mjomba Hatibu

ZUHURA: Shikamoo mjomba.

HATIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujawasalimu watu, ile mizani umeirudisha?

ZUHURA: Ndiyo tunaanza hivyo?

HATIBU: Nimepita soko la samaki la Deep Sea asubuhi, kijana wa watu anauza kwa kukadiria. Ananiambia, "Mzee, mpwa wako ananiuzisha nguru kwa macho."

ZUHURA: Haya, mjomba keshavuruga mpangilio. Wasikilizaji, leo tulipanga mambo matatu: taimingi belti ya injini, mkonga, yaani lile bomba la kuvutia hewa juu, na chasisi kwa sisi tunaoishi na chumvi. Ila wiki hii nimefungua mguu wa mbele wa Mashaka, Land Cruiser yangu, kwa hiyo tuanzie hapo, dakika mbili tu.

HATIBU: Upande gani?

ZUHURA: Kushoto. Ule uliokuwa umelowa siku unaniuzia, ukaniambia ni jasho.

HATIBU: Gari ya 1993, silinda sita, imepanda milima ya Amani mara ngapi? Ina haki ya kutoka jasho.

ZUHURA: Lilikuwa oili ya difu, ile gia ya kwenye ekseli, mjomba. Wenye hizi Land Cruiser zenye springi za majani mbele na nyuma wanaijua habari hii. Nyuma ya gurudumu la mbele, mwisho wa ekseli, kuna tufe la chuma; lenyewe halisogei, kinachogeuka ukikata usukani ni nako, lile kasha la chuma linalolizunguka. Ndani ya tufe imekaa sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu, imezama kwenye grisi nyeusi. Kinachozuia oili ya difu isiingie humo ni sili moja tu, iko mwisho wa bomba la ekseli. Sili ikichoka, oili namba 90 inachanganyika na grisi, vyote vinakuwa uji, na uji hauna adabu: unatoka nje, unapaka rimu, ukizidi unafika kwenye breki.

HATIBU: Nati ya habu ulifungua na nini?

ZUHURA: Boksi spana ya 54.

HATIBU: Imetoka wapi boksi ya 54 nyumbani kwako?

ZUHURA: Nimenunua. Maana hiyo nati imejaa alama za tindo, na nadhani namjua mwenye tindo.

HATIBU: Shambani kwenye mkonge tulikuwa na tindo na nyundo, na magari yalitoka alfajiri yakarudi jioni. Endelea na mizani.

ZUHURA: Nilikuwa naelekea huko. Ile nako imeshikwa na beringi mbili, juu na chini, za kingpini, yaani pini inazogeukia. Ukizifunga mpya lazima ujue zimekaza kiasi gani. Zikilegea, ukifika spidi 80 ukagonga kashimo usukani unatetemeka mpaka unaogopa. Zikikaza mno zinajila, na usukani unakuwa mzito. Kitabu cha gari kinasema: toa shafti, toa vile vifuta grisi vya nyuma, nako ibaki tupu. Halafu ning'iniza ndoano ya mizani kwenye tundu la tairodi endi, pale fimbo ya usukani inapofungwa, vuta. Nako ianze kusogea kati ya kilo 3 na kilo 6.

HATIBU: Mimi hapo natumia mkono.

ZUHURA: Najua. Mimi sina mkono wako, ndiyo nikaenda kwa muuza samaki.

HATIBU: Akakupa.

ZUHURA: Alikataa kunipa. Alikuja nayo mwenyewe, hakuiachia. Akasimama pale uani na aproni yake. Mimi navuta, mshale unafika 2. Akatikisa kichwa: "Dada, huyo bado mdogo, mrudishe baharini."

HATIBU: Hahaa! Kijana ana akili huyo.

ZUHURA: Nikatoa shimu moja. Wasikilizaji, shimu ni vile vibati vyembamba chini ya kifuniko cha kingpini. Ukipunguza kibati, unakaza. Na vya juu usivichanganye na vya chini, maana ndivyo vinavyoweka nako katikati ya ekseli. Ikikaa upande, sili mpya inaliwa upesi, unarudi kwenye jasho la mjomba. Nikavuta tena: 4 na nusu. Akasema, "Hapo sawa. Huyo ni changu mzima, pima na kichwa."

HATIBU: Kwa hiyo gari yangu imepimwa na mchuuzi wa samaki.

ZUHURA: Gari yangu.

HATIBU: Na upande wa kulia?

ZUHURA: Kulia sijafungua.

HATIBU: Basi kushoto changu, kulia dagaa. Itaenda sawa hiyo?

ZUHURA: Mjomba.

HATIBU: Nauliza kama dereva. Na nati za gurudumu ulikaza kwa samaki gani? Pweza?

ZUHURA: Pweza anapigwa, hakazwi. Hebu turudi...

HATIBU: Ngoja, hili si la mzaha. Niweke mkono hapo kwenye tundu la tairodi, nikwambie kilo, halafu mlete huyo kijana na mizani yake. Nikikosea zaidi ya nusu kilo, nawanunulia nguru nzima.

ZUHURA: Wasikilizaji mmesikia. Kulia tutafungua mbele ya mashahidi.

HATIBU: Nikipatia, kijana anatoa nguru.

ZUHURA: Yeye hajakubali lolote, masikini! Katoa mizani tu.

HATIBU: Na utamu kaupata, si kacheka? Kesho nakwenda kumwambia. Na mwenye bucha naye aje, tusije tukaambiwa mizani ina upendeleo.

ZUHURA: Mjomba, muda. Chasisi. Nilipokuwa chini nimeiona, na nimechukia.

HATIBU: Haina kutu.

ZUHURA: Haionekani kama ina kutu. Kuna tabaka la oili chafu na vumbi, bisibisi inazama.

HATIBU: Ndiyo kinga yenyewe. Kila nilipobadili oili ya injini, ile chafu nilipaka chini kwa brashi. Pwani hii waliopaka bado wanaendesha. Wasiopaka wameuza kwa kilo, tena si za changu.

ZUHURA: Oili inaharibu mpira. Bushi za springi zote zimevimba na kulainika, nitabadili zote. Na ukipaka hivyo, chasisi ikipata ufa utauona wapi?

HATIBU: Unafuta, unaangalia, unapaka tena.

ZUHURA: Uliwahi kufuta?

HATIBU: Uliwahi kuona ufa?

ZUHURA: Chasisi ni boksi, ndani tupu. Mchanga na chumvi vinaingia, matundu ya chini ya kutolea maji yanaziba, chuma kinaanza kuoza ndani. Brashi yako haijawahi kufika huko.

HATIBU: Ndiyo maana ndani nilimimina kwa chupa.

ZUHURA: Halafu inadondokea wapi? Uani kwa bibi, pembeni ya kisima.

HATIBU: Kisima kina mfuniko.

ZUHURA: Ardhi haina mfuniko, mjomba.

HATIBU: Haya, wewe unapaka nini? Ile rangi ya lami?

ZUHURA: Ya lami, juu ya chuma kilichosuguliwa kikawa safi, kikapigwa rangi ya kuzuia kutu kwanza.

HATIBU: Lami inakauka, inapasuka, maji yanapita chini yake na hayatoki tena. Nimekagua magari ya watu yana tumbo jeusi, zuri, linang'aa. Ukigonga nyundo, nyundo inapita. Oili haidanganyi, ikiisha unaona imeisha.

ZUHURA: Hayo yalipakwa juu ya uchafu.

HATIBU: Nani Tanga hii anasugua chasisi nzima mpaka chuma cheupe?

ZUHURA: Mimi.

HATIBU: Umemaliza mguu mmoja.

ZUHURA: Na nikitoka ufukweni naosha ndani kwa mpira wa maji matamu, nazibua matundu kwa waya. Hilo peke yake linashinda chupa yako.

HATIBU: Maji yakitoka.

ZUHURA: Yakitoka.

HATIBU: Mimi sibadiliki kwa hili, mwanangu.

ZUHURA: Na mimi sipaki. Nikikukuta na ile brashi chini ya Mashaka tutakosana kweli.

HATIBU: Tukosane. Chasisi itabaki.

ZUHURA: Haya. Saa ngapi?

HATIBU: Adhana imekaribia, na alasiri nina msiba Pongwe.

ZUHURA: Na hatujagusa lolote. Mkonga?

HATIBU: Mkonga si wa dakika tano. Waambie lile la kuziba mdomo.

ZUHURA: Washa gari, iache slo, ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja. Injini ikizima, hakuna panapovuja. Ikiendelea kunguruma, inavuta hewa mahali pengine, na vumbi linaingia hapo hapo. Usiingie mtoni na mkonga wa hivyo. Mengine wiki ijayo.

HATIBU: Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo.

ZUHURA: Taimingi belti basi, kwa kifupi. Injini hii ya 1HZ, belti ibadilishwe kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu zinagonga pistoni, na hapo hakuna bei ya kirafiki. Uzuri ni kwamba gari yenyewe inakukumbusha: kuna taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT, kilomita zikitimia inawaka. Ya kwangu haijawahi kuwaka, kwa hiyo bado...

HATIBU: Haiwaki hiyo.

ZUHURA: Haiwaki vipi?

HATIBU: Inawaka, ila huioni. Niliibandika plasta nyeusi. Usiku ilikuwa inanichoma macho.

ZUHURA: Mjomba. Ilianza kuwaka lini?

HATIBU: Sikia, muadhini huyo.

ZUHURA: Mwaka gani, mjomba?

HATIBU: Wasikilizaji, tuonane wiki ijayo inshallah. Zima hiyo, mwanangu.

ZUHURA: Sizimi. Mwaka gani?