Nantes: Majina ya Meli Chini ya Miguu

KOMBO: Hamjambo wasikilizaji wetu popote mlipo. Mimi ni Kombo, na leo kiti cha pili kimepata mwenyewe: Zawadi amerudi kutoka Ufaransa baada ya miaka miwili ya masomo. Karibu nyumbani, dada.

ZAWADI: Ahsante, kaka, nimekaribia. Wasikilizaji, niliwakumbuka sana.

KOMBO: Ukitaja Ufaransa, watu wanawaza Paris. Wewe umekaa Nantes. Tuanzie wapi?

ZAWADI: Tuanzie majini. Nantes ipo magharibi, kando ya mto Loire, kama kilomita 50 kutoka bahari ya Atlantiki. Lakini bahari inaufikia mji. Maji yanajaa na kupwa mle mtoni kama yanavyojaa na kupwa kwetu pwani. Siku ya kwanza nilisimama ukingoni, maji yamekupwa, tope liko wazi, nikanusa ile harufu. Moyo ukatulia. Nikajua huu ni mji wa mabaharia.

KOMBO: Na mjini kwenyewe?

ZAWADI: Utaiona kwanza ngome ya watawala wa Bretagne, maana zamani Bretagne, eneo hilo la magharibi, ilikuwa na dola yake. Anne wa Bretagne alizaliwa Nantes mwaka 1477, akaolewa na wafalme wawili wa Ufaransa, mmoja baada ya mwingine. Alipofariki 1514, mwili ukazikwa karibu na Paris, moyo ukarudishwa Nantes ndani ya kikasha cha dhahabu. Kikasha kipo mpaka leo.

KOMBO: Loo! Shuleni tulisoma Amri ya Nantes. Ndiyo hapohapo?

ZAWADI: Hapohapo. Mwaka 1598 mfalme Henri IV aliwapa Waprotestanti haki ya kuabudu, baada ya vita virefu vya dini. Louis XIV akaifuta mwaka 1685. Sasa shika huo mwaka, kaka. Mwaka huohuo 1685 mfalme huyohuyo alitoa sheria iliyoitwa Code Noir, ya kuwasimamia watumwa katika makoloni yake. Mtumwa akaandikwa humo kama mali inayohamishika, sawa na kiti au ng'ombe.

KOMBO: Na Nantes iliingiaje humo?

ZAWADI: Iliingia mzimamzima. Ndiyo iliyokuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa kwa biashara ya watumwa. Zaidi ya safari 4 katika kila 10 za Wafaransa zilianzia pale. Jumla ni safari zaidi ya 1,700, na watu zaidi ya 500,000 waliovushwa. Meli zilitoka na vitambaa vya pamba vya kuchapwa maua, vingine vikitengenezwa Nantes kwenyewe, zikaenda kununua watu Afrika, zikawauza visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue ambayo leo ni Haiti, zikarudi na sukari na kahawa.

KOMBO: Fedha hiyo inaonekana leo?

ZAWADI: Inakutazama usoni. Kuna mtaa unaitwa Île Feydeau, yaani kisiwa cha Feydeau. Ukifika huoni kisiwa, kwa sababu kuanzia mwaka 1926 matawi ya mto yalifukiwa, na leo tramu inapita pale palipokuwa na maji. Lakini nyumba za matajiri wa karne ya 18 zimebaki. Zilijengwa juu ya mchanga na nguzo za mbao, kwa hiyo kuta zimelalia upande, mpaka ukiangalia mstari wa madirisha unahisi ni wewe uliyepinda. Jules Verne, mwandishi wa hadithi za safari, alizaliwa mtaa huohuo mwaka 1828.

KOMBO: Ulisema inakutazama usoni.

ZAWADI: Juu ya madirisha na milango wamechonga sura za mawe. Kuna mungu wa bahari mwenye ndevu kama mwani. Kuna baharia. Halafu kuna sura za Kiafrika. Niliisimamia moja muda mrefu: midomo minene, nywele za kipilipili zimechongwa kifundo kwa kifundo, mvua imeacha mchirizi mweusi toka jichoni hadi shavuni. Nilimfikiria aliyelala ndani ya chumba kile, kila asubuhi akifungua dirisha chini ya uso huo.

KOMBO: Tusidhani ni habari za Atlantiki peke yake. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa, apewe watu 1,000 kila mwaka. Walipelekwa visiwa vya Ufaransa, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion.

ZAWADI: Ndiyo maana sikuweza kupita Nantes kama mtalii. Ndani ya ngome kuna makumbusho, na humo kuna mchoro wa meli ya Marie-Séraphique ya Nantes, karne ya 18. Umechorwa kwa rangi nzuri, kwa mkono uliotulia. Unaona mapipa tumboni mwa meli, na juu yake watu wamelazwa bega kwa bega, kila mmoja kachorwa kivyake. Aliyechora alipanga watu na mapipa kwa uangalifu uleule.

KOMBO: Wenyeji wanalizungumza hili?

ZAWADI: Walinyamaza muda mrefu. Mwaka 1992 yalifunguliwa maonyesho makubwa ngomeni, watu wakaanza kusema. Mwaka 1998, miaka 150 tangu Ufaransa ikomeshe utumwa, sanamu ya ukumbusho iliwekwa gatini. Siku chache tu, ikavunjwa. Basi mji ukaamua kujenga kitu kisichong'oleka. Mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa 2012, na kusema kweli si mnara. Juu ni njia ya kando ya mto, na ardhini vimepandwa vibao 2,000 vya kioo. Vibao 1,710 vina jina la meli na tarehe, vingine vina majina ya bandari.

KOMBO: Majina gani?

ZAWADI: Ya watakatifu, ya wanawake, ya maadili mema. Ilikuwepo meli ya Nantes iliyoitwa La Concorde, maana yake maelewano. Iliyabeba hayo maelewano hadi 1717, haramia Blackbeard alipoiteka.

KOMBO: Subhanallah.

ZAWADI: Kisha unashuka ngazi, chini ya gati, sawa na mto. Ni ukumbi mrefu, mwembamba, kama ndani ya meli. Maji unayaona kwenye nafasi za zege na unayasikia yakipiga.

KOMBO: Na yule tembo wa mbao? Picha zake zimejaa mtandaoni.

ZAWADI: Yupo ng'ambo, kwenye karakana za meli zilizofungwa 1987. Ni chuma na mbao, kimo chake mita 12, anatembea na kumwagia watu maji kwa mkonga. Watoto wanampenda mno. Tutamtengea siku yake.

KOMBO: Anayetaka kwenda pale kwenye kumbukumbu?

ZAWADI: Hakuna kiingilio. Nenda maji yakiwa yanajaa. Ukipanda juu tena utakuta daraja la waenda kwa miguu, lina jina la Victor Schœlcher, aliyesimamia amri ya kukomesha utumwa mwaka 1848. Livuke polepole. Jengo jeusi lililo mbele yako ng'ambo ya mto ni mahakama.