Kuta za Thanjavur zinavyosomwa

Ndugu wasikilizaji, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, la Thanjavur, kusini mwa India, limejaa maandishi ya Kitamili yaliyochongwa kuanzia kitako cha mnara. Ndiyo yaliyomtaja mjenzi: Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola.

Mwaka 1010, unaotajwa kuwa wa kukamilika kwa hekalu, hamtauona ukutani. Mtakuta “mwaka wa 25, siku ya 275”, siku mfalme alipotoa chungu cha shaba na bamba la dhahabu vya kuwekwa kileleni. Hesabu inaanzia 985, alipoanza kutawala. Hapo pana mtego: wafalme wa Chola walipokezana vyeo viwili, Rajakesari na Parakesari. Jiwe lenye cheo bila jina laweza kuwa la babu au la mjukuu.

Mwaka wa 26, siku ya 20, mfalme aliamuru zichongwe zawadi zake, za dada yake, za wake zake na za wengine. Kwa hiyo kuta hizi ni daftari la hesabu, na utamu wake umo humo. Taa moja ya samli isiyozimika ilitengewa kondoo jike 96, au ng’ombe 48, au nyati wa maziwa 16. Mchungaji alidaiwa samli kila siku, na mifugo ikihesabiwa kuwa “haifi wala haizeeki”: akifa mmoja, mzao hujaza pengo. Bei za mifugo zimo humo bila kutajwa: nyati mmoja kwa ng’ombe watatu. Fedha za hekalu zilikopeshwa vijiji kwa riba ya asilimia 12.5. Wanawake 400 wachezaji walipewa kila mmoja nyumba na kalam 100 (kipimo cha nafaka) za mpunga kwa mwaka.

Kunakili: sugua jiwe kwa burashi na maji, bandika karatasi iliyolowa, ipige kwa burashi ngumu hadi izame kwenye herufi. Ngoja ikauke kiasi, ndipo upake wino kidogo kidogo. Karatasi ikiwa bado mbichi, wino hujaa kwenye mifereji na herufi hupotea. Kwingine mahekalu yamesafishwa kwa mashine ya kupuliza mchanga, na herufi zimelika. Hasara hiyo haina dawa.

Tena, umbo la herufi peke yake lisiwape tarehe. Malkia Sembiyan Mahadevi alipojenga upya kwa mawe hekalu la Tirukkodikaval, maandishi ya zamani yalichongwa tena ukutani. Umbo la herufi ni la wakati wake. Wafalme wanaotajwa wametangulia.