Dakika 4 na Sekunde 15: Saa Inavyowaadhibu Warushaji

Ndugu makocha wa kriketi, ndugu waamuzi, na ninyi mliokimbilia viti vya nyuma: sogeeni, huku mbele hakuna miiba. Wengi wenu mmeshanisikia nikililia saa, na leo nitaililia tena, maana kila uwanja ninaopita nakuta vijana wanafanya mazoezi ya kupiga sita, ule mpira unaoruka moja kwa moja nje ya uwanja, mpaka magharibi inaingia, na pembeni hakuna hata mtu mmoja aliyeshika saa.

CPL, ligi ya kriketi ya Karibi, mnaijua, sina haja ya kuieleza. Trinbago Knight Riders, timu ya Trinidad na Tobago, nao mnawajua: walikuwa Red Steel, wakabadili jina mwaka 2016, na kufikia 2025 kabatini mna vikombe 5. Sitaki vikombe. Nataka ova moja, yaani zamu moja ya mrushaji, mipira 6.

Ova yenyewe ni ya 20, tarehe 27 Agosti 2023, Warner Park, Basseterre. St Kitts & Nevis Patriots ndio wanaopiga. Msimu ule ligi ilikuwa imeleta adhabu mpya za uchelewaji. Ova 20 zimalizike kwa dakika 85, yaani kila ova dakika 4 na sekunde 15. Ova ya 17 iishe kabla ya dakika 72 na sekunde 15, ya 18 kabla ya dakika 76 na nusu, ya 19 kabla ya dakika 80 na sekunde 45. Ukiingia ova ya 18 uko nyuma ya saa, mdakaji mmoja wa nje, wale wanaolinda mpaka, anarudishwa ndani ya duara lililochorwa kuzunguka pichi, ndani wanakuwa 5. Ukiingia ya 19 bado uko nyuma, wanakuwa 6. Ukiingia ya 20 ungali nyuma, hao 6 wanabaki palepale na mchezaji mmoja anatoka uwanjani. Wa kutoka anachaguliwa na nahodha.

Knight Riders wakaingia ova ya 20 wakiwa nyuma. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu, na nahodha Kieron Pollard akamtoa Sunil Narine. Ilikuwa mara ya kwanza katika ligi ile.

Sasa hesabuni nami, na asiyependa hesabu avumilie. Wachezaji 11. Toa mrushaji na wiketikipa, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, wanabaki 9. Toa Narine, 8. Ndani ya duara wakae 6. Nje wamebaki 2! Watu wawili walinde mpaka mzima, tena Warner Park, ambako mpaka wenyewe uko karibu. Mrushaji ni Dwayne Bravo, na kwenye gongo yupo Sherfane Rutherford, keshazoea pichi.

Kwa kawaida mrushaji wa ova ya mwisho ana watu 5 nje. Anaweza kuficha nia yake: wawili upande huu, watatu upande ule, mpira wa polepole mbali na mwili, au yoka, mpira unaotua miguuni mwa mpigaji, na mpigaji akibahatisha anadakwa, katoka. Ukiwa na wawili huna cha kuficha. Ukiwaweka wote upande wa miguu ya mpigaji, umeshamwambia mpigaji unarusha wapi. Ukiwagawa mmoja mmoja, kila upande ni uwazi mtupu. Ova ile ilitoa mikimbio 18, ndizo pointi zenyewe, Patriots wakafunga hesabu kwa 178 kwa wiketi 5, yaani wapigaji 5 wametolewa.

Mbona Narine? Kwa kuwa alikuwa ameshamaliza ova zake 4, wiketi 3 kwa mikimbio 24, na si mtu wa kumtegemea akimbie ukingoni. Uamuzi wa Pollard ulikuwa sahihi. Kinachonikera ni kwamba aliyetolewa ni mrushaji wa spini, mpira wa polepole unaozungushwa, mwenye hatua chache, anayemaliza ova wenzake wakiwa bado wanapangusa mpira. Aliyewaokolea muda ndiye aliyelipa deni la muda.

Najua mnachonong'ona: “Lakini walishinda.” Ndiyo, walishinda, 180 kwa wiketi 4, mipira 17 ikiwa imebaki. Nicholas Pooran alipiga 61 kwa mipira 32. Haya, basi nendeni mkatafute Pooran wenu, halafu saa tuitupe. Wengine mtasema Pollard mwenyewe aliilalamikia kanuni waziwazi baada ya mechi. Alilalamika, na mimi naona kumtoa mtu uwanjani ni ukali. Lakini saa ni ileile kwa timu zote mbili, na mwamuzi wa tatu anaondoa muda wa majeruhi, wa rufaa za video na wa mpigaji anayejivutavuta. Ukibaki nyuma baada ya punguzo hilo, dakika zimepotea mikononi mwako.

Zinapotea wapi? Chukua ova moja. Kubadilisha upande wa kurushia ova ikiisha kunakula kama dakika moja. Imebaki sekunde 195, mipira 6, takriban sekunde 32 kwa mpira. Mrushaji wa kasi anarudi mwanzo wa mbio zake taratibu, nahodha anamfuata kumnong'oneza, wapigaji ni wa kushoto na wa kulia kwa hiyo kila mkimbio mmoja wanabadilishana nafasi na wadakaji wanahama. Sita imeingia jukwaani, mpira unatafutwa. Halafu waidi! Ni mpira uliopita mbali na mpigaji, unarudiwa; waidi mbili ni ova ya mipira 8, na saa haikuongezei hata nukta.

Tuseme ova ya kasi inakula dakika 5, ya spini dakika 3 na robo. Ya kwanza inakupotezea sekunde 45, ya pili inakuokolea dakika nzima. Ova 12 za kasi na 8 za spini: umepoteza dakika 9, umeokoa 8, umechelewa. Hamisha ova moja tu, 11 kwa 9: umepoteza dakika 8 na robo, umeokoa 9, uko mbele kwa sekunde 45. Ova moja! Lakini spini zenyewe ziwe zimerushwa mapema. Kipimo cha kwanza ni mwisho wa ova ya 17, na nahodha anayeanza kuangalia saa kwenye ova ya 16 hana tena pa kuokolea. Akiba haiozi, ila iwekwe kati ya ova ya 5 na ya 12.

Na msiniambie spini ni anasa ya Trinidad. Juni 2024, Kombe la Dunia la ova 20, Providence kule Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, aliirushia Papua New Guinea ova 4 kwa mikimbio 4 na wiketi 2. Siku chache baadaye, uwanja huohuo, Akeal Hosein wa Knight Riders aliwachukua Waganda hao wiketi 5 kwa mikimbio 11, wakatolewa wote wakiwa na mikimbio 39. Wote wawili ni warushaji wa spini.

Nilikuwa na mengine, nayapitia mbiombio. Wapigaji nao wana adhabu: wakipoteza muda baada ya onyo moja, mikimbio 5 inakatwa. Mechi za kimataifa nazo zina saa ya sekunde 60 kati ya ova na ova, na kosa la tatu ni adhabu ya mikimbio 5. Kwa hiyo mazoezini mwajirini mtoto mmoja mwenye saa, aite sekunde kwa sauti, na mrushaji aliyemaliza ova akimbie kwenye nafasi yake, asitembee. Kuhusu drafti, ule mgawo wa wachezaji kwa timu, na jinsi ya kugawa nafasi za wachezaji wa kigeni, siku nyingine.

Maswali. Nani anaanza? Asiniulize mishahara.