Mataji Mawili ya Tabora: Kuusoma Muhuri Kwenye Sarafu ya Shaba

Ahsanteni kwa kuja. Heleri 20 ya Tabora, sarafu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, mnaijua, wengine mmekuja nayo mfukoni, kwa hiyo historia yake sitaizungusha. Vita Kuu ya Kwanza, bahari imefungwa na manowari za Waingereza, sarafu zimeadimika, Wajerumani wakapiga zao hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916. Basi. Jambo langu ni lile lile la mwaka jana na mwaka juzi: acheni kuita kila kivuli "chapa mbili", yaani picha iliyojirudia ndani ya muhuri, kile chuma cha kupigia sarafu.

Mwezi uliopita kijana mmoja alinijia na heleri 20 ya shaba nyekundu, kaifunga kwenye leso. "Shikamoo mzee. Hii ina herufi mbili mbili, nimeambiwa ni bei ya ng'ombe." Naifungua, inang'aa kama sufuria ya harusi! Ameisugua kwa ndimu na majivu. Niliumia, ndugu zangu. Shaba iliyokaa miaka mia na rangi yake ya kahawia, na ushahidi wote ukiwa kwenye kingo za herufi, mtu anaitia ndimu.

Hata hivyo tulikwenda dirishani. Nikampa lenzi, nikamwambia, mwanangu, usiniambie unachokitamani, niambie unachokiona. Kando ya herufi za HELLER palikuwa na kitu kama kidaraja cha ngazi, bapa, kimelala chini karibu na uso wa sarafu. Nikamwuliza: herufi yenyewe imenenepa au imekonda? Akatazama, akageuza, akatazama tena. "Imekonda." Jibu kalitoa mwenyewe. Muhuri haukutulia wakati wa kupiga, ukaburuza ukingo wa herufi na kuubapaza. Shaba ya kile kidaraja imeibwa kwenye herufi, ndiyo maana herufi imekonda. Hilo ni tukio la pigo moja. Sarafu iliyofuata huenda haina kabisa.

Chapa mbili ya kweli imo ndani ya muhuri wenyewe. Chukueni senti ya Marekani ya 1955, ile ya Philadelphia. Muhuri wa kupigia sarafu ulikuwa ukikandamizwa na muhuri mama, ule unaozaa mihuri ya kupigia, zaidi ya mara moja ili picha izame vizuri. Safari ile muhuri uligeuka kidogo kati ya kandamizo moja na jingine, picha ya pili ikakosa kuilalia ya kwanza. Matokeo yake herufi zote mbili zimetuna, zimeachana, pembe zake zimepasuka kama mkia wa mbayuwayu. Na kila senti iliyotoka kwenye muhuri ule, zaidi ya 20,000 zilizoingia mitaani, ina ulemavu ule ule, mahali pale pale.

Sasa kuna mtu hapa anajisemea moyoni: hata Tabora mihuri ingeweza kukandamizwa vibaya. Haya, tazama mataji. Zipo heleri 20 zenye taji kubwa na zipo zenye taji dogo. Muhuri mama mmoja hauzai mataji mawili ya ukubwa tofauti! Geuza upande wa pili, tazama herufi L katika HELLER. Kuna zenye ncha iliyojikunja kwenye L ya pili peke yake, kuna zenye L zote mbili zimejikunja, kuna zenye ncha zilizochongoka. Hiyo ndiyo mihuri tofauti, na ndiyo kazi yetu: taji lipi limekutana na L zipi, kwa shaba nyekundu, kisha kwa shaba njano, maana zilipigwa kwa zote mbili. Utajiri uko hapo, mbele ya macho yenu, nanyi mnakimbizana na vivuli. Anayedai chapa mbili asiniletee sarafu moja. Alete mbili, zenye kivuli kile kile mahali pale pale, ndipo tuzungumze.

Naambiwa muda. Haraka haraka: mstari uliotuna juu ya sarafu ni ufa wa muhuri, kwa sababu shaba iliingia kwenye ufa, mstari uliozama ni mkwaruzo wa mfukoni. Mwanga uje kutoka ubavuni, kisha izungushe sarafu, kwa maana kivuli cha taa kimewadanganya wengi. Sarafu ya pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, yenye mizani, ya mwaka 1299 Hijria, nilitaka kuisema kwa kirefu. Leo haiwezekani.

Wenye heleri zao, twendeni pale dirishani. Taji kubwa zipange meza ya kushoto, taji dogo ya kulia. Na wewe uliyeshika kitambaa, tafadhali, usiisugue.