Kijana wa Kalenga na Kaki ya Mdachi

Kamwene! Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na nyinyi vijana mliojibana kule mlangoni ili mtoroke mapema.

Leo sizungumzii Mkwawa, mtwa wetu Wahehe. Mkwawa mnaye, fuvu lake liko Kalenga tangu 1954 na kila mtoto wa hapa amepelekwa na shule kuliona. Nazungumzia mtu msiyempenda: kijana wetu aliyevaa kaki ya Mdachi, yaani Mjerumani, katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Nimelisema hili hadi nyumbani wananikimbia.

Jina lake sina, tumpe umri. Amezaliwa 1891, mwaka ambao baba zake walimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo. 1898 Mkwawa anajiua asikamatwe. Mtoto ana miaka 7. 1905 Majimaji inawaka, ana miaka 14, anawaona kaka zake wanakwenda vitani. Upande gani? Naona mnaangalia chini. Walikwenda kama rugaruga, wapiganaji wasaidizi wa boma la Mdachi la Iringa, wakafuatana na kamanda wake Nigmann hadi Mahenge. Msinizomee, mimi sikuwepo! Nauliza tu: 1914, akiwa na miaka 23, akitaka kujua yeye ni nani, amuulize nani? Baba aliyempiga Mdachi, au kaka aliyemsaidia?

Nimesikia mtu ananong'ona "msaliti". Wa nchi gani? Tanganyika imekuja baada ya vita, tena kwa mkono wa Mwingereza. Mwingine atasema alilazimishwa. Mpagazi ndiyo, huyo walimkamata shambani. Lakini askari wengi walijiandikisha wenyewe. Kulikuwa na mshahara, bunduki, mtu wa kumbebea mzigo, na siku moja huenda akawa ombasha, yaani koplo, kijiji kizima kimwamkie. Kijana aliyekulia kwenye ukoo ulioshindwa ataiacha heshima hiyo? Nyinyi mnaopigania nafasi za JKT mnatafuta nini?

Sasa kisa cha Mwanza. Mwenyekiti, usiangalie saa, hiki lazima nikimalize. 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani mshahara waliokuwa wanadai tangu 1918. Miaka 46! Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki alikuja na fedha, wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti walikuwa wachache, wengine wameshika vipande vya sare. Waliobaki hawana kitu. Ofisa akafanyaje? Akampa kila mzee ufagio, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Mzee mwenye mvi, pengine na wajukuu wanachungulia, anapiga mguu sawa, anaweka ufagio begani, anaushusha, anatoa heshima. Wanasema hakuna aliyekosea.

Watu hucheka hapa. Mimi kinaniuma. Hakuulizwa baba yake nani wala alizaliwa wapi. Kitambulisho chake kilikuwa kwata ya mtu mwingine, na mwili ulikuwa bado unaikumbuka.

Nawajua wajanja. Mtasema Wajerumani walikipenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha askari mwaminifu. Sawa, walikipenda. Lakini uaminifu gani? Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mdachi, alipokaribia kuvuka Ruvuma mwaka 1917, askari wengi walimtoroka, maana waliona nyumbani kunabaki nyuma. Na mwaka huohuo Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR, jeshi lao la Waafrika, kwa mateka waliokuwa askari wa Mdachi. Kijana wetu ana miaka 26, anabadilishiwa kofia, anaambiwa amwelekezee bunduki mtu aliyekula naye sufuria moja. Mwiteni sasa. Mdachi? Mwingereza? Mhehe? Nadhani angekujibu, "Mimi ni askari," akaondoka zake.

Nilitaka kusema juu ya Malangali, ambako jenerali Mwingereza Northey aliwapiga Wajerumani Julai 1916, na wake za askari waliotembea na kikosi huku wakijifungua njiani. Wapagazi nao wanataka mhadhara wao, wale walikufa kwa maelfu na makaburi yao hamtayaona. Muda umekwisha, nimeonyeshwa vidole viwili.

Basi, maswali. Wewe kijana wa shati jekundu uliyenuna tangu niliposema rugaruga, anza wewe.