Mfugaji wa Ahero Ana Umri Gani?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, Kisumu)

Ero kamano, asante, Mwalimu Mkuu. Nimepewa dakika arobaini, na wanaonijua wanajua hazitatosha, kwa hivyo salamu nimezikata.

Shikeni kalamu. Mfugaji mmoja wa Ahero ana ng'ombe 12 na mbuzi 23. Je, ana umri gani?

Namwona kijana pale nyuma ameshatoa kalkuleta. Irudishe mfukoni, mwanangu. Mnacheka? Darasa langu halikucheka. Swali hili nililiandika ubaoni Ijumaa moja alasiri, kidato cha pili, nikaketi nikangoja. Nilitamani hata mmoja asimame aniulize kama niko sawa kichwani. Hakusimama mtu. Mkono wa kwanza ulioinuka uliuliza, "Mwalimu, tujumlishe ama tutoe?"

Nikakusanya madaftari. Wengi walikuwa wameandika 35. Nikamwita mmoja wao anieleze alivyofika huko. Akanieleza bila wasiwasi, kama wakili mahakamani: "Nikitoa, napata 11. Huyo ni mtoto, ng'ombe 12 atawapata wapi? Nikizidisha, napata 276. Huyo alishakufa. Kugawanya kunaleta desimali. Kwa hivyo ni 35, mwalimu. Huo ni umri wa mtu aliye na boma lake."

Kisa hiki nimekisimulia mpaka mke wangu amekikariri. Kila ninapokisimulia, walimu wenzangu hucheka hapo, kisha husema: watoto wa siku hizi hawafikiri. Mimi nakataa. Huyu alifikiri! Alipima majibu manne, akayatupa matatu, na kila moja alilitupa kwa sababu. Mtu mzima anayenunua shamba hapimi hivyo. Alichokiacha ni kimoja tu: hakuuliza kama swali lenyewe linajibika. Na angeulizaje? Tangu darasa la kwanza hajawahi kuona ubaoni swali lisilo na jibu. Hajawahi kupewa nambari ya ziada isiyo na kazi. Miaka yote hiyo amejifunza kwamba nambari zikiwa mbili, zote mbili zitumike, na kwamba kumwuliza mwalimu "hili swali lina maana kweli?" ni kutafuta adhabu. Nani alimfundisha hayo? Msinitazame hivyo, walimu. Nami nilikuwa na chaki mkononi.

Wala si ugonjwa wa Ahero peke yake. Mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walichapisha matokeo ya swali la jamaa hiyohiyo: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto walikuwa 97, wa miaka saba hadi tisa hivi. Watoto 76 walimpa nahodha umri kutokana na mifugo yake. Swali langu mimi nililiazima huko, nikalivusha ziwa.

Sasa najua kuna mzazi hapa anayesema moyoni: haya ni masihara, KNEC, baraza la mitihani, haitamwuliza mwanangu umri wa mfugaji. Kweli, haitamwuliza. Lakini sikiliza hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanafunzi wa miaka 13 huko Marekani waliulizwa kwenye mtihani wa kitaifa: basi la jeshi linabeba wanajeshi 36, na wanajeshi wa kusafirishwa ni 1,128. Mabasi mangapi yanahitajika? Asilimia 70 hivi waligawanya vizuri kabisa. 31, baki 12. Sawa? Sasa, waliojibu mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Asilimia 29 waliandika, kwa mwandiko safi, mabasi "31 baki 12." Hao 12 waliobaki watapanda nini, boda boda?

Kugawanya walijua. Kalkuleta pia inajua kugawanya, na haijawahi kupata cheti. Kilichowashinda ni kurudi kutoka kwenye nambari mpaka barabarani, kule basi linakosimama. Nimesahihisha karatasi ambamo mwendesha baiskeli anakwenda kilomita 450 kwa saa, na jibu limepigiwa mistari miwili kwa rula. Mistari miwili! Anayesahihisha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, atampa alama za mbinu, kwa sababu mbinu ipo. Mimi ningempa pia kofia ya rubani.

Kwa hivyo dawa yangu ni moja, na wanafunzi wangu waliichukia. Kabla ya kugusa kalkuleta, andika pembeni kwa penseli: jibu litakuwa nini, watu, saa au shilingi? Litakuwa kubwa kuliko nini, dogo kuliko nini? Ukishindwa kuandika hayo, hujalisoma swali, hata kama umelisoma mara tano. Mtaniambia hakuna muda, karatasi ni saa mbili na nusu. Najua. Kazi hiyo ni sekunde ishirini. Mnapoteza dakika kumi mkikokotoa kitu ambacho hakikuulizwa.

Na msiniambie hesabu ni ya vichwa fulani. Nendeni soko la Kibuye Jumapili. Yuko msichana anayemsaidia mamake kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Mpe noti ya elfu, taja gorogoro mbili na nusu, uone kama utapunjwa chenji. Mpe hesabu ileile Jumatatu darasani, ataitafuna kalamu. Hili nalo limepimwa. Huko Recife, Brazil, watafiti waliwafuata sokoni watoto watano wauzaji, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 1985. Mle sokoni walipata sawa asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu tupu za karatasi, wakashuka hadi asilimia 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Akahesabu: tatu ni 105, tatu nyingine inakuwa 210, tatu tena 315, na moja, 350. Mwalimu angemwambia ongeza sifuri. Lakini yule mtoto alijua kila hatua ni nazi ngapi, na wanaoongeza sifuri wengi wao hawajui.

Tufunge shule basi, tuhamie Kibuye? La. Soko halifundishi aljebra. Ila sokoni kosa linakula mfuko, ndiyo maana macho yako wazi.

Nilitaka kuzungumzia asilimia na wastani, muda unanikimbia. Chukueni hili moja: matatu inapanda Kericho kwa kilomita 40 kwa saa, inateremka njia hiyohiyo kwa 60. Wastani wa mwendo si 50. Ni 48. Tuseme njia ni kilomita 80, mtaona wenyewe ni wapi ilikaa muda mrefu.

Naonyeshwa karatasi kwamba zimebaki dakika mbili. Basi mantiki, haraka. Mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, alitoa fumbo hili mwaka 1966. Mezani kuna kadi nne: A, K, 4, 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na nambari upande wa pili. Kanuni ni kwamba kadi yenye irabu upande mmoja ina nambari shufwa, inayogawanyika kwa mbili, upande wa pili. Utageuza kadi zipi, na hizo tu, ili ujue kama kanuni imevunjwa?

Nasikia "A na 4." Haya.

Sasa wewe ni askari wa mlango wa baa pale Kondele. Kanuni: anayekunywa pombe awe ametimiza miaka 18. Kuna watu wanne. Mmoja anakunywa bia, mmoja soda, mmoja unajua ana miaka 25, mmoja unajua ana 16. Utamkagua nani?

Wa bia na wa 16! Mmesema bila kusita, hata wazazi. Na huyu wa 25, mbona hamkumgusa? "Anywe atakacho." Vizuri sana.

Rudini kwenye kadi. Huyu wa 25 ni kadi ipi? Chai iko pale nje, nitawakuta nikiwa na kikombe.