Uko kwenye mpango wa kulipa, mbona barua za wadai haziishi?

JUMA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Juma, niko na dada Salma, na leo ni madeni. Madeni ya huku Uingereza, siyo ya nyumbani. Ya nyumbani yana kipindi chake.

SALMA: Na machozi yake.

JUMA: Dada Salma alikaa miaka kwenye meza ya ushauri wa madeni kabla hajahamia mambo ya nyumba, kwa hiyo leo mimi ni wa kuuliza tu.

SALMA: Nilihama meza, watu hawakuhama. Mpaka harusini mtu anakuvuta pembeni, anafungua mkoba, anatoa bahasha.

JUMA: Haya, bahasha ndiyo habari yenyewe. Kuna dada ametutumia ujumbe wa sauti, jina tunalihifadhi. Anahudumia wazee, zamu za usiku. Ana kadi mbili za mkopo na mkopo wa benki, akashindwa, akaenda kwa shirika la bure, akawekewa DMP, yaani debt management plan, ule mpango wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Analipa bila kukosa. Anachouliza ni hiki: mbona tangu aingie kwenye mpango barua ndiyo kwanza zimeongezeka, na simu juu?

SALMA: Kwanza nimpe pole, halafu nimwambie kitu ambacho pengine hakuelezwa vizuri siku ya kwanza. DMP ni mapatano. Siyo amri ya mahakama. Shirika linapiga hesabu ya kipato chako, linatoa kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme, kinachobaki linawagawia wadai kwa uwiano wa madeni yao. Mdai anaweza kukubali, anaweza kukataa, anaweza kuchukua hela yako huku anasema hajakubali.

JUMA: Anachukua hela na bado anasema hajakubali?

SALMA: Kila siku. Chukua mfano. Unadaiwa pauni 4,000 huku, 3,000 kule, 1,000 pale. Jumla 8,000. Kwa mwezi una pauni 120 za kutoa. Wa kwanza anapata 60, wa pili 45, wa tatu 15. Sasa yule wa pauni 15 anaona kama umemdhihaki. Atakuandikia. Lakini hata akiandika, 15 zake anazipokea, na huyo wa 4,000 hawezi kulalamika kwamba mwenzake kapendelewa.

JUMA: Na riba?

SALMA: Wengi wanaisimamisha au kuipunguza, ila kwa DMP ya England na Wales hakuna sheria inayowalazimisha. Scotland ni habari nyingine. Kule wana mpango unaoitwa Debt Arrangement Scheme, huo una nguvu ya sheria, ukikubaliwa riba inasimama. Kwa hiyo ndugu yangu wa Glasgow usinisikilize mimi kwa kila kitu leo.

JUMA: Turudi kwenye barua. Kwa nini zimeongezeka?

SALMA: Kwa sababu nyingi kati ya hizo sheria yenyewe ndiyo inayowaamuru wazitume. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974, Consumer Credit Act, inamtaka mdai akutumie taarifa za malimbikizo kila baada ya muda, na maneno yaliyomo yamepangwa kisheria. Wewe ulitakiwa ulipe pauni 130 kwenye kadi, kwa mpango unalipa 60. Kwenye kompyuta yao uko nyuma, na kila mwezi unazidi kuwa nyuma. Kompyuta inachapa barua. Haijui kwamba ofisini kuna mtu alishakubali zile 60.

JUMA: Kumbe! Yaani barua ya kutisha inaweza kuwa imetumwa na mtu ambaye hana ugomvi na wewe.

SALMA: Hana hata habari na wewe. Halafu inakuja ile inayowatoa watu jasho, "default notice". Inakupa angalau siku 14 kulipa malimbikizo, usipolipa akaunti inafungwa na alama mbaya inaingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Watu wakiiona hiyo wanakimbia kukopa kwa shangazi ili wailipe.

JUMA: Si ndivyo inavyotakiwa?

SALMA: Aa, wapi! Kama umeshaingia DMP, mara nyingi hiyo alama haikwepeki, na mimi nasema bora ije mapema. Inakaa miaka 6 tangu tarehe iliyowekwa, halafu inafutika, hata kama deni bado unalilipa. Mdai anayekuonea huruma na kukuandika tu "yuko kwenye makubaliano" mwezi baada ya mwezi, huyo anaweza kukuchafulia rekodi kwa muda mrefu zaidi, maana hesabu ya miaka 6 inachelewa kuanza.

JUMA: Hiyo sikuitegemea. Huruma inakugharimu.

SALMA: Inategemea deni lako litaisha lini, lakini ndiyo.

JUMA: Sasa simu. Huyu dada anasema wanampigia akiwa amelala, ametoka zamu ya usiku.

SALMA: Pokea mara moja, ukiwa umekaa, una kalamu. Muulize jina lake, kampuni, namba ya akaunti. Kisha sema: niko kwenye mpango na shirika fulani, namba yangu ya mpango ni hii, nalipa kiasi hiki kila mwezi, na saa zangu za kulala ni kuanzia hii mpaka hii, naomba mniandikie badala ya kupiga. Halafu nyamaza.

JUMA: Unyamaze?

SALMA: Nyamaza! Sisi tumelelewa kuona aibu mtu mzima akinyamaza kwenye simu, kwa hiyo tunajaza. Unaanza kumweleza mgonjwa aliyeko Tanga, ada ya mtoto, mara unajikuta umesema "basi chukua pauni 30 kwenye kadi, Ijumaa nitaongeza." Hapo umeharibu. Zile 30 zilikuwa za umeme, au zilikuwa za mdai mwingine ndani ya mpango. Na yule kijana wa simu ameandika kwenye mashine kwamba huyu ukimbana anatoa. Kesho atapiga tena, na sababu umempa mwenyewe.

JUMA: Na wakiendelea kupiga?

SALMA: Andika tarehe na saa. Wako chini ya kanuni za FCA, msimamizi wa makampuni ya fedha, wanatakiwa kumvumilia mteja aliye kwenye shida. Kumsumbua mtu makusudi ili alipe ni kosa la jinai. Unapeleka malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza. Wana wiki 8 za kukujibu. Wasipokujibu, au jibu lisikuridhishe, unakwenda kwa Financial Ombudsman, mwamuzi huru wa malalamiko ya fedha, haulipi hata senti.

JUMA: Kuna mwingine kasema mdai wake amebadilika, kampuni asiyoijua inamdai.

SALMA: Deni limeuzwa. Ni kawaida. Benki inaliuza kwa bei ya chini, mnunuzi anakuandikia kwamba sasa unalipa kwake. Usimlipe kwa sababu tu barua imesema hivyo. Hakikisha kwanza umepata taarifa rasmi kwamba deni limehamishwa, kisha ipeleke kwa shirika lako wabadilishe jina kwenye mpango. Usipofanya hivyo hela inaweza kuendelea kwenda benki ya zamani huku mwenye deni mpya anasema hujalipa kitu.

JUMA: Na hawa wanunuzi ndio wanaokuja kugonga mlango na kubeba TV?

SALMA: Hapana, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia bure. Mkusanya madeni ni mtu wa barua na simu. Akija mlangoni hana haki ya kuingia, wala ya kushika kitu, mwambie aondoke, funga mlango. Dalali wa mahakama ndiye mwenye mamlaka, na kwa deni la kadi au mkopo hawezi kuja mpaka kesi imefunguliwa, hukumu imetolewa, na wewe umeshindwa kuifuata. Ila angalia sana kodi ya halmashauri, ile kaunsili taksi. Hiyo njia yake ni fupi na hawachezi. Ndiyo maana kwa kawaida hailipwi kupitia DMP. Kodi ya nyumba, kaunsili taksi, gesi na umeme, hizo zinalipwa kwanza, hawa wa kadi wanafuata.

JUMA: Mwishoni mwa ujumbe wake kasema kitu kwa haraka haraka, kama anakiogopa. Ana bahasha imetoka Northampton, hajaifungua.

SALMA: Ndiyo maana nilitaka tuifikie. Dada yangu, hiyo ifungue leo. Northampton ndiko kilipo kituo cha mahakama kinachoshughulikia madai ya fedha kwa wingi. Inawezekana mdai mmoja amefungua kesi.

JUMA: Akiwa kwenye mpango?

SALMA: Akiwa kwenye mpango, ndiyo. Nimesema ni mapatano. Kwa kawaida kabla ya hapo ilikuja barua ya kusudio la kushtaki, ina fomu ya kujibu na siku 30. Watu wengi wanaitupa pamoja na matangazo ya piza. Ikija fomu ya mahakama yenyewe, una siku 14 tangu uhesabiwe umeipokea. Ukikiri tu kwamba umeipata, unaongezewa zikawa 28.

JUMA: Na unajibu nini? Si deni ni lake kweli?

SALMA: Kama ni lake na kiasi ni sahihi, anajaza fomu ya kukubali, N9A, anaweka bajeti ileile ya mpango, anaandika: natoa kiasi hikihiki ninacholipa sasa. Kama anaona kiasi si sahihi, kuna fomu ya kupinga. Lakini kabla ya yote apige simu kwa shirika lake, au National Debtline, simu ya ushauri wa madeni wa bure, awasomee ukurasa wa kwanza. Kinachoua ni kukaa kimya. Ukikaa kimya hukumu inatolewa bila wewe, na inaweza kusema lipa zote mara moja. Wewe ukijibu, hukumu inaweza kuja bado, hiyo CCJ, itakaa kwenye rekodi miaka 6, lakini itakuwa ya kulipa kwa mwezi kiasi unachokiweza, na ukikilipa dalali haji.

JUMA: Kwa hiyo barua zote azipuuze ila ya Northampton?

SALMA: Asipuuze hata moja. Afungue, asome, atoe nakala kwa simu, apeleke kwa shirika. Ila asizilie zote sawasawa.

JUMA: Swali langu la uchokozi. Haya mashirika ya bure, kama StepChange na PayPlan, wanakula wapi?

SALMA: Wadai wenyewe wanachangia. Mdai anapata hela ambayo angeihangaikia, kwa hiyo anarudisha sehemu kwa shirika, na wewe bado unahesabiwa umelipa kiasi chote ulichotoa. Ndiyo maana ukiona kampuni inakutoza wewe ada ya kila mwezi ili ikusimamie, jiulize unalipia nini. Na jambo jingine dogo: kama mshahara wako unaingia kwenye benki ileile unayodaiwa, fungua akaunti kwenye benki nyingine kabla mpango haujaanza. Wana haki ya kukata deni lao kwenye akaunti yako. Mshahara unaingia usiku, asubuhi haupo.

JUMA: Uhamiaji? Watu wanaogopa viza.

SALMA: Deni la kadi kwa lenyewe siyo jambo la viza. Deni la NHS, zile hospitali za serikali, kwa wale wanaotozwa, likifika pauni 500 na halijalipwa wala hakuna mpango wa kulilipa, hilo linaweza kukukwamisha. Hilo lipangie malipo mapema.

JUMA: La mwisho, na hapa tutagombana. Mchezo, ule upatu wa kuchangiana. Huyu dada yuko kwenye mchezo wa wanawake kumi, alishapokea zamu yake. Kila mwezi anatoa pauni 100, na kwenye bajeti hakuitaja.

SALMA: Aitaje. Asipoitaja, bajeti inaonyesha hela ambayo hana, mpango unavunjika mwezi wa tatu.

JUMA: Wakimwambia aache?

SALMA: Wanaweza kusema wale wenzake wa mchezo nao ni wadai kama wengine, wapate kwa uwiano. Kwa hesabu wana hoja.

JUMA: Kwa hesabu! Dada Salma, benki haitakuja kumzika mtu. Wale wanawake ndio watakaopika, ndio watakaochanga tiketi ya mwili. Mimi ningemaliza mchezo kwanza, benki isubiri.

SALMA: Na mimi ningekwenda kwa mama wa mchezo, nikae naye jikoni, nimwambie nitoe nusu, kwa miezi mara mbili ya iliyobaki—

JUMA: Mara mbili ndiyo mingapi?

SALMA: Kama imebaki mitano, iwe kumi, basi! Pauni 50 kwa miezi kumi badala ya mia kwa mitano. Unacheka nini? Hiyo nayo ni DMP.

JUMA: Mama wa mchezo ninayemjua mimi hakubali nusu.

SALMA: Wa kwangu anakubali. Tutumieni sauti mtuambie wa kwenu yukoje.